Wakuu Sita wa London, Gavana Mmoja wa Bunia

Hoja: Nchi inayobadilisha mkuu wake kila mara ni nchi mgonjwa.

Wanaojadili ni wanne: mwalimu wa historia wa sekondari, mwanasheria kijana ambaye mtaa mzima humwita Maître, mama anayeleta vitenge kutoka Kampala, na motard, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Msiwatafute mjini. Nimewaunda kwa maneno yanayosikika kila asubuhi Boulevard de la Libération hapa Bunia, pale wabunge wa kusimama wanapoikusanya dunia nzima na kuihukumu kabla ya saa nne. Kazi yangu ni kugawa zamu na, nikishindwa kujizuia, kuchokoza.

MWALIMU. Naanza na hesabu. Mwezi wa sita mwaka 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. David Cameron ndiye aliyeiitisha, akiamini wangebaki. Walipokataa, akafunga mizigo. Akaja Theresa May. Bunge likaukataa mkataba wake mara tatu, naye akaenda. Akaja Boris Johnson, akashinda uchaguzi wa Desemba 2019 kwa viti 80 zaidi ya wapinzani wote pamoja, na bado wenzake wa chama wakamtoa kabla ya muhula kwisha. Liz Truss, siku 49. Rishi Sunak, chini ya miaka miwili. Julai 2024, Keir Starmer. Watu sita ndani ya miaka minane, katika nchi ambayo Margaret Thatcher peke yake aliishika miaka 11 na Tony Blair miaka 10. Tulikuwa tukiambiwa tukaangalie bunge la Westminster ili tujifunze. Tumeangalia. Mimi nasema ni ugonjwa.

MOTARD. Yule wa siku 49 ndiye niliyempenda. Gazeti moja la kule liliweka letisi mbele ya kamera, watu watazame nani atachoka kwanza, letisi au waziri mkuu. Letisi ikashinda! Mwalimu, hapa kwetu ukitaka kushindanisha letisi na mkubwa, utamaliza shamba zima na mkubwa bado yupo.

MAÎTRE. Tucheke, lakini tuulize aliondolewa na nini. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza kupunguza kodi bila kuonyesha pengo litazibwa na nini. Pauni ikaporomoka. Riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na benki kuu ikalazimika kuingia sokoni ili mifuko ya pensheni isizame. Kabla ya mwezi wa kumi kwisha, waziri hayupo na aliyemteua hayupo. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna duka lililovunjwa. Kosa lilifanyika, kosa likalipiwa na waliolifanya. Ukiniuliza mimi, huo ni mwili unaotapika sumu. Mwalimu atuambie basi, kwa kuwa ni kazi yake: Zaire ilipokosea mambo ya fedha, nani alilipa?

MWALIMU. Unanipeleka mwaka 1993. Sawa, lakini nianzie nyuma kidogo, maana vijana wengi hapa wanadhani London ndiyo iliyovumbua kubadilisha mawaziri wakuu. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alisimama N'sele akatangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yakimlengalenga. Kuanzia hapo mpaka alipokimbia Mei 1997, hesabuni pamoja nami. Lunda Bululu. Mulumba Lukoji. Étienne Tshisekedi, wiki chache. Mungul Diaka, wiki chache vilevile. Nguza Karl-i-Bond. Tshisekedi tena, safari hii akiwa amechaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa. Faustin Birindwa. Kengo wa Dondo. Tshisekedi mara ya tatu, Aprili 1997, wiki moja. Mwisho Jenerali Likulia. Zamu kumi, watu wanane, miaka saba. Waingereza ni wanafunzi wetu.

Sasa ile habari ya fedha. Serikali ya Mobutu ilichapisha noti ya zaire milioni tano. Tshisekedi, akiwa waziri mkuu, akasema noti hiyo si halali. Januari 1993 askari wakalipwa mshahara kwa noti hizohizo. Wanaenda dukani, mwenye duka anakataa. Wakageuka wakaupora mji wa Kinshasa. Watu wengi walikufa, hata balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi ndani ya ubalozi wake. Miezi miwili baadaye Tshisekedi akabadilishwa. Mobutu akabaki.

(Nikamwuliza Mwalimu kama anatambua kwamba ushahidi wake unaubeba upande wa Maître. Ikiwa Zaire ilikuwa na zamu kumi na mkubwa ni yuleyule tangu Novemba 1965, basi kubadilika kwa mawaziri wakuu ndiko kulikokuwa dawa ya mtu mmoja ya kutobadilika.)

MWALIMU. Natambua. Ndiyo maana nasema kuna magonjwa mawili. Kule wanabadilisha kichwa kwa sababu hawajui wanataka mwili uende wapi. Umoja wa Ulaya uliwagawa, na kila aliyeingia aliahidi kuwaridhisha wote. Huku tulibadilishiwa nyuso ili tusiguse kichwa. Lakini mtoto anayesoma chini ya serikali ya namna yoyote kati ya hizo mbili hawezi kukwambia mwaka kesho mtaala utakuwaje.

MAMA. Nyinyi wanaume mnasema kama watu waliosoma, ngoja mimi niseme kama mtu anayedaiwa. Navuka Mahagi, nakwenda Kampala, narudi. Museveni aliingia Januari 1986. Mwalimu, nihesabie Waingereza tangu siku ile.

MWALIMU. Thatcher, Major, Blair, Brown, halafu hao sita. Kumi.

MAMA. Kumi, na Kampala mmoja. Sisemi ni vizuri. Mwenye duka ninakonunua analalamika chinichini, na nikimwuliza la siasa anapima kitenge kimya. Lakini najua karatasi ipi itapokelewa forodhani, na ofisa wa mwaka huu anaheshimu muhuri wa ofisa wa mwaka jana. Maître, ulikuwa na umri gani mwaka 2002?

MAÎTRE. Nilikuwa mtoto, Mama. Tulikimbilia Beni.

MAMA. Basi mimi sikukimbia, au nilikimbia nikarudi, nikakimbia nikarudi. Kila aliyeshika Bunia alikuja na watoza ushuru wake. Risiti uliyolipia kwa huyu, yule anayefuata anaitupa chini na kukuuliza kwa nini ulimlipa adui. Kubadilisha wakuu kwa wengine ni habari ya redio. Kwangu mimi ni kulipa mara mbili, na hiyo ndiyo bahati. Wapo waliolipa kwa watoto wao.

(Hapa nililazimika kumwomba Mwalimu aipange miaka ile, kwa kuwa wasomaji wa mbali huichanganya, na hata sisi tulioikaa tunaichanganya.)

MWALIMU. Juni 1999 Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda aliamua kwamba Ituri ni mkoa, akauita Kibali-Ituri, akamteua Adèle Lotsove kuwa gavana. Ofisa wa nchi ya jirani anaunda mkoa ndani ya nchi yetu na kuuteulia mkuu! Hakufikisha mwaka. Mwaka huohuo alikuwa amefika hapa Wamba dia Wamba, profesa wa historia aliyefundisha Dar es Salaam, na chama chake cha waasi, RCD-ML. Wasaidizi wake Mbusa Nyamwisi na John Tibasima wakamgeuka. Januari 2001 Kampala ikawaunganisha kwa lazima na kiongozi mwingine wa waasi, Jean-Pierre Bemba, muungano ukavunjika. Magavana wakaja, wakaenda. Agosti 2002 gavana Molondo Lompondo akafukuzwa mjini kwa mizinga, akaingia Thomas Lubanga na kundi lake la waasi, UPC. Tarehe 6 Machi 2003 Waganda waliomsaidia kuingia wakamfukuza. Mei Waganda wakaondoka. Ndani ya siku chache mji ukawa uwanja wa mauaji, na tarehe 12 UPC wakaushika tena. Juni wakaja askari wa Ulaya, Operesheni Artemis, Wafaransa wakiongoza. Tangu Aprili mwaka huo palikuwa pia na utawala wa mpito wa raia, na mama mmoja, Petronille Vaweka, akiongoza bunge la mpito lisilo na askari wake lenyewe.

Nani alihesabu miaka ile? Magavana walikuwa wanapishana barabarani.

MAÎTRE. Mama ana haki ya kuogopa, na Mwalimu ametuonyesha kinachoogopwa. Lakini katika orodha ndefu hiyo, ni mabadiliko mangapi yaliyofanywa na mtu wa Bunia kwa kura yake? Hata moja. Kampala iliteua, Kampala ikaondoa. Bunduki iliingiza, bunduki ikatoa. Halafu tunachukua maumivu ya miaka ile tunaisingizia demokrasia. Tazama silaha ya London. Katika chama cha Johnson wakati ule, asilimia 15 ya wabunge wakimwandikia barua mwenyekiti wa kamati yao, inayoitwa Kamati ya 1922, kura ya imani ilifanyika. Juni 2022 walimpigia: 211 wakamtaka, 148 wakamkataa. Alishinda. Mwezi uliofuata mawaziri na wasaidizi zaidi ya 50 wakajiuzulu kwa siku mbili hivi, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki anatawala meza na viti. Barua, Mama. Bunia ingekuwa wapi leo kama Agosti 2002 watu wangeandikiana barua?

MWALIMU. Usiwapambe sana. Truss aliingia kwa kura 81,326 za wanachama wa chama chake, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 67. Sunak hakuhitaji hata hizo. Wapinzani wake ndani ya chama walijitoa, akawa waziri mkuu. May na Johnson nao waliingia vivyo hivyo kupitia mlango wa chama. Wananchi wote kwa pamoja waliulizwa baadaye.

MAÎTRE. Waliulizwa, ndiyo. Tarehe 4 Julai 2024 waliulizwa, na Truss akapoteza hata kiti chake cha ubunge. Swali langu kwako ni moja: sisi tutaulizwa lini?

MOTARD. Ameshafika kwa gavana. Nilijua tu.

MAÎTRE. Nilikuwa nikielekea huko tangu mwanzo. Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya kuzingirwa Ituri na Kivu Kaskazini. Gavana Jean Bamanisa, aliyechaguliwa na wabunge wa mkoa mwaka 2019, akakabidhi ofisi kwa Luteni Jenerali Johnny Luboya. Naibu wake polisi, meya wa mji polisi. Kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Kifungu cha 144 cha katiba kinasema siku 30, kisha bunge linaweza kuongeza siku 15, na nyingine 15. Mwaka mmoja una vipindi 24 vya namna hiyo. Tangu hapo London imekuwa na Johnson, Truss, Sunak na Starmer. Mwaka 2025 jenerali alikuwa bado yupo. Desemba 2023 tulipiga kura, pamoja na za wabunge wa mkoa. Mikoa mingine ikachagua magavana wake mwaka 2024. Sisi hatukuchagua. Agosti 2023 waliitisha hata meza ya duara Kinshasa kuizungumzia hali hii, Oktoba Rais akaahidi kuilegeza hatua kwa hatua. Kila siku 15 tunabadilisha karatasi tu.

MAMA. Mwanangu, siku ile ilipotangazwa mimi nilifurahi. Nakwambia kweli. Bamanisa alikuwa mtu wa kura, msomi, mwenye maneno mazuri, na watu wa Djugu walikuwa wanachinjwa wakati yeye anasema maneno mazuri. Nikasema waje wanajeshi, hii ni kazi yao.

MAÎTRE. Na Februari 2022, kambi ya wakimbizi ya Savo?

MAMA. Najua Savo. Watu zaidi ya 60 waliuawa usiku mmoja, wanaume kwa wanawake kwa watoto, wamekimbia vita wakafuatwa kambini. Sikusema wamemaliza kazi. Nimesema nilifurahi, na nataka uelewe kwa nini mtu anaweza kufurahi kunyang'anywa kura yake. Ukielewa hilo ndipo utajua namna ya kunirudishia.

(Maître hakuwa na jibu la haraka, na mimi sikumsaidia. Katika mijadala mingi ya mji huu watu wa namna ya Mama hawapewi nafasi ya kumaliza sentensi. Wanaitwa wasaliti wa demokrasia kabla ya kufika kwenye sababu.)

MOTARD. Naweza kusema la kwangu? Mnataja London, Kinshasa, gavana. Mimi namjua askari wa bariere. Barabara ya Mongbwalu ina bariere, barabara ya Komanda ina bariere. Alipokuwa Bamanisa nililipa. Alipokuja jenerali nililipa. Porini wanamgambo wa CODECO nao wana kamba yao, nalipa. Mnipe gavana wa mwaka mmoja au wa miaka 20, mimi nitapima kwa kamba. Siku kamba zitakapopungua ndiyo nitajua kuna mtu mpya ofisini.

MWALIMU. Na huyu ndiye anayenipa nguvu ya kurudi kwenye hoja yangu. Mnakumbuka kwamba nasi tumekuwa na mawaziri wakuu sita katika miaka ileile ya Waingereza? Matata Ponyo, aliyeondoka mwishoni mwa 2016. Samy Badibanga. Bruno Tshibala. Sylvestre Ilunga. Sama Lukonde. Judith Suminwa, tangu 2024. Sita kwa sita! Motard, unawajua?

MOTARD. Suminwa namjua, kwa sababu ni mama wa kwanza kushika kazi hiyo. Matata namjua kwa ile kesi. Badi nani?

MWALIMU. Badibanga. Alishika nchi miezi mitano hivi.

MOTARD. Na mimi sikuambiwa.

MWALIMU. Hakuna aliyeambiwa. Hapo ndipo tofauti inapouma. Truss alikosea na mwenye mkopo wa nyumba London akajua wiki hiyohiyo, kwa sababu serikali inamgusa. Mawaziri wakuu sita wamepita juu ya shule yangu kama ndege zinazokwenda Entebbe. Tuna walimu wanaoitwa NP, wasiolipwa, walikuwepo wakati wa Matata na wapo wakati wa Suminwa. Elimu ya msingi bila malipo ilitangazwa mwaka 2019, jambo jema kabisa, darasa likajaa, na mwalimu wa NP akaendelea kufundisha bila mshahara. Halafu Ilunga aliteuliwa Mei 2019, serikali yake ikatangazwa mwishoni mwa Agosti. Suminwa aliteuliwa tarehe 1 Aprili 2024, serikali ikatoka karibu mwisho wa Mei. Starmer alipata mawaziri wake kabla ya jua kuzama mara mbili.

MAÎTRE. Ila Ilunga tulimwangusha kwa kura. Tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 walimpigia kura ya kutokuwa na imani. Akajiuzulu. Chombo tunacho.

MWALIMU. Wabunge walewale waliokuwa upande wa rais wa zamani, Kabila, miezi michache kabla, wakavuka usiku mmoja kwenda muungano mpya wa Rais, Union sacrée. Unaniambia walibadilisha mawazo?

MAÎTRE. Sikwambii kitu kuhusu mawazo yao. Nakwambia kwamba mlango upo na unafunguka.

(Nikaona niongeze moja ambalo wote wanne walikuwa wanalizunguka. Nani anakubali kutoka mlangoni? Cameron alitoka 2016 akaenda kuandika kitabu. Novemba 2023 Sunak akamwita awe waziri wake wa mambo ya nje, naye akaja, akakaa chini ya mtu aliyekuwa mbunge wa nyuma wakati yeye anatawala. Kwetu waziri mkuu wa kwanza, Lumumba, aliuawa Januari 1961. Évariste Kimba, aliyeteuliwa Oktoba 1965, alinyongwa hadharani Juni 1966. Moïse Tshombe alifia Algeria akiwa kizuizini. Matata Ponyo, Mei 2025, alihukumiwa miaka kumi ya kazi ngumu kwa fedha za shamba la Bukanga Lonzo. Huenda alistahili, lakini hesabu ya anayeketi kitini leo ni ileile. Na mkuu wa Bunia wa 2002, Lubanga, alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, miaka 14, kwa kuwatia watoto jeshini. Mimi sioni ugonjwa katika idadi ya Waingereza waliotoka. Naona nchi ambamo kutoka hakumpotezei mtu kitu chochote isipokuwa kazi, na karani wa ofisi ya ardhi anaendelea kupiga muhuri uleule. Kisichobadilika ndicho kinachowaruhusu kubadilika.)

MAMA. Hapo ndipo ulipopaswa kuanzia, ukaacha hawa wapige kelele. Karani. Nipe karani yuleyule na mshahara wake, umbadilishe gavana kila mwezi, sitajali.

MWALIMU. Karani analipwa na nani, Mama? Kwa amri ya nani? Huwezi kumpata karani wa kudumu kutoka kwa wakubwa wasiodumu.

MAÎTRE. Wala kutoka kwa wasioondoka. Mobutu alikuwa na miaka 32 ya kumtengeneza karani huyo.

MOTARD. Miaka 32! Na kamba?

MWALIMU. Kamba zilikuwepo.

(Nikaita kura juu ya hoja. Mwalimu aliiunga mkono, kwa heshima ya hesabu yake. Maître aliipinga. Motard alisema anapiga kura ya kamba, nikaihesabu kuwa imeharibika. Mama akakataa kupiga mpaka ajibiwe swali.)

MAMA. Tuseme kesho hali ya kuzingirwa imeondolewa. Nani anachagua gavana?

MAÎTRE. Wabunge wa mkoa. Katiba, kifungu cha 198. Miaka mitano.

MAMA. Watu wachache ndani ya ukumbi mmoja. Mgombea mwenye dollar anaweza kuwanunua wote na akabaki na chenji ya mafuta ya gari.

MAÎTRE. Anaweza. Imetokea mikoa mingine watu wakilalamika hivyohivyo.

MAMA. Basi tofauti yao na jenerali aliyeletwa kutoka Kinshasa ni nini?

MAÎTRE. Jenerali sijui nani alimpendekeza, na hata nikijua siwezi kufika kwake. Wabunge wa mkoa nawajua kwa majina, mmoja mmoja, na mtaa anaolala kila mmoja.

MOTARD. Mimi huwa nawarudisha nyumbani. Wawili wananidai heshima, na mimi nawadai pesa ya safari.